Ubao wa Misumari Mitatu

Enzi zetu, wenzangu mliokula mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, kwenye sinia moja pale Kyimo, muziki haukuwa kitu cha kutoa mfukoni. Ulisubiriwa. Betri zikichoka unazianika, na jua la Rungwe mnalijua, linachungulia na kujificha kama mkamwana aliyemwona baba mkwe njiani. Basi tulizipasha kando ya jiko, hata redio ikawa inanuka moshi na ndizi za kuchemsha.

Baba yangu, Fundi Athumani, alikuwa mshona nguo, wazee wake watu wa pwani. Alikuwa na redio, mashine ya santuri, na tepu rekoda aliyoletewa na shemeji yake kutoka migodi ya Zambia. Mashine tatu, lakini spika jozi moja tu, kwenye maboksi ya mbao yaliyoning'inia barazani juu ya cherehani. Akaranda ubao, akapiga misumari mitatu, kila mashine na msumari wake. Waya wa spika ulikuwa na kitanzi mwishoni. Unataka habari, kitanzi msumari wa kwanza. Unataka santuri, wa pili. Tepu, wa tatu. Watoto tulikatazwa kugusa. "Kinywa kimoja hakisemi maneno matatu," alituambia kila siku, sindano mdomoni.

Alasiri, saa ya matangazo ya vifo, baraza lilijaa. Hata mchezo wa rede ulisimama, na kina mama walishika tama majina yakisomwa polepole. Jirani yetu Mama Tumpe alikaa mbele kabisa, kwa sababu mumewe alikuwa amelazwa Mbeya, na barua wakati ule ilikawia kufika kuliko mgonjwa kupona. Binti yake, Tumpe, ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Darasa la pili dawati moja, mvua mwavuli mmoja wa jani la mgomba.

Siku hiyo Baba alikwenda kuswali alasiri. Mimi nikataka kumtambia Tumpe, asikie zote tatu zikiimba pamoja kama harusi mbili zimekutana njiani. Nikachukua waya wa mwavuli mbovu, nikazungusha misumari yote. Tumpe akasema, "Acha, Subira. Mama anakuja kusikiliza." Nikamwita mwoga, nikawasha. Ziliimba kidogo, kisha ukatoka mlio kama nguruwe anayechinjwa, na moshi wa mpira ulioungua. Waya nikautupa migombani.

Baba akarudi, kina mama wameshakaa. Akaweka kitanzi msumari wa kwanza. Kimya. Akafungua redio, akanusa.

"Nani kagusa ubao?"

"Tumpe," nikasema.

Tumpe hakukana. Mama yake alimchapa palepale mbele za watu, na yeye akawa ananiangalia mimi tu.

Baba alikimbia kwa Mwenyekiti Ambakisye, mwenye redio nyingine pekee kijijini, kuomba aiwashe tusikilize majina. Ndiye huyohuyo aliyetubomolea nyumba kule Suma wakati wa kuhamishiwa vijijini ili tujipange mstari mmoja kandokando ya barabara kama viazi. Alijibu kwamba betri ni mali ya kijiji, zinatunzwa kwa ajili ya hotuba. Hakuona haya.

Siku ya tatu, kondakta wa basi la Mbeya akamwuliza Baba mbona kina Mama Tumpe hawakwenda Mbeya. Jina la mume wa Mama Tumpe lilisomwa alasiri ileile, ndugu waje kuchukua mwili. Mama Tumpe alipofika, watu wa hospitali walikuwa wameshamzika wenyewe. Kwetu, mtu kuzikwa bila ndugu kumlilia ni kama ametupwa. Mama yule alionyeshwa tuta, akaambiwa ni hili. Aliporudi alimtoa Tumpe shule, akampa jembe. Hakuwa na mwingine wa kumsaidia shamba.

Tangu hapo, kila penye msiba nimemtaja Ambakisye na betri zake. Amekufa, naendelea kumtaja, na anastahili. Lakini nimemtaja kwa sauti kubwa ili nisisikie jina jingine.

Leo nyumbani kwangu Kiwira mjukuu wangu ameunganisha televisheni, king'amuzi na simu kwenye spika moja. Msumari hata mmoja hakuna. Anagusa kidude, mashine moja inanyamaza, nyingine inaongea, zina adabu kuliko yeye, maana nikimwita kula hasikii. Watoto hawa hawajawahi kukaa kimya kusubiri jina la mtu.

Juzi Tumpe alinitembelea na mkungu wa ndizi. Mjukuu akamwomba, "Bibi, nishikie huu waya." Tumpe akaficha mikono ndani ya kitenge.

"Mimi na nyaya hatupatani, mwanangu. Muulize bibi yako."

Akaniangalia vilevile kama siku ile. Mtoto naye akanigeukia, anangoja. Nikasema chai inapoa.

Enzi zetu kifo kilitangazwa mara moja, ukikosa umekosa. Siku hizi kinakufikia kwenye simu hata ukiwa bafuni. Ningepewa moja ya alasiri zile, nisingeomba santuri wala mbalaga. Ningeomba nirudie jibu langu kwa Baba. Aliyegusa ubao ni Subira binti Athumani. Nimeishia darasa la nne, lakini hilo nimeweza kuliandika. Nimeliandika hapa, nikijua kabisa kwamba Tumpe hajui kusoma.