Dhahabu ya Sahani za Akai

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku nilipoosha sahani za Akai.

Akai na mimi tuliolewa na ndugu wawili, tukakaa boma moja hapa Lodwar. Kabla ya kuolewa, Akai alikuwa mpishi wa mama mmoja Msomali, mfanyabiashara wa Kakuma. Mama huyo alipohamia ng'ambo alimwachia sahani kumi na mbili za kauri, nyeupe, zenye ukingo wa dhahabu. Mimi nilikuja na vikombe vya bati.

Wivu wangu ulianza pale mama mkwe alipoinua sahani moja juani akasema, "Tazameni, hata kivuli cha vidole kinaonekana!" Tangu hapo kila nilipomwona Akai akiziosha moja moja kwa maji vuguvugu na kitambaa laini, taulo limetandikwa ndani ya beseni zisigongane, nilisema moyoni: anajionyesha. Hata kicheko chake kiliniudhi.

Wakaja wageni kumposa wifi yetu. Mama mkwe akaagiza sahani za Akai. Wageni walizisifu kuliko nyama ya mbuzi waliyokuwa wakila, na nyama hiyo, mwanangu, niliipika mimi tangu asubuhi.

Nikajitolea kuosha. Nilichukua mchanga na waya wa kusugulia sufuria, nikasugua ukingo mpaka dhahabu ikatoka. Sahani ya kwanza niliisugua nikitazama nyuma kama kuna anayeniona. Kufikia ya tano nilikuwa naona raha.

Mama mkwe alipoziona alimgeukia Akai wageni wakisikia. "Maringo yote yale, kumbe ulipewa za bandia!"

Akai aliitazama mikono yangu. Kisha akasema polepole, "Labda ni za bandia kweli, mama."

Nami nikanyamaza.

Siku tatu nilimkwepa Akai. Siku ya nne nikamfuata alipokuwa akianika nguo.

"Akai, zile sahani ni mimi."

"Najua. Mchanga ulikuwa bado kwenye kucha zako."

"Mbona hukusema?"

"Mama angekurudisha kwenu siku ileile. Ningebaki na nani wa kuongea naye hapa?" Akakung'uta shuka, akaitundika. "Lakini nililia, dada. Sita nilikuwa nimekuwekea wewe. Nilikuwa nangoja tu ujifungue hiyo mimba yako."

Alinipa sita hizo hivyohivyo, bila dhahabu. Nilizipokea nikiwa nimeinamisha kichwa.

Basi mwanangu, ukipata vyombo vya kauri, usivimwagie maji yanayochemka vikiwa baridi. Mchanga na waya viachie sufuria. Ukizipanga sahani, weka kitambaa katikati ya moja na nyingine. Hayo utayajua kwa siku moja.

Ya wivu yana kazi zaidi. Ukiona cha mwenzako kinakuchoma, mwendee mwenyewe mapema umwambie, "Natamani chako." Utaona aibu, lakini ni aibu ya dakika chache. Ile ya kunyamaza Akai akidharauliwa ninayo mpaka leo, na yeye tulishamzika.

Akuj, Mungu wetu, akupe mikono mipole, mwanangu, na akujalie kufurahi mwenzako anaposifiwa.