Kaniki Kwenye Kitanda cha Tatu

Bibi yangu Mwaija alikuwa mbishi. Nasema hivyo kwa heshima zote, maana mjukuu asipomtania bibi yake atamtania nani? Ukimwambia jua limechwa, atatoka nje kwanza akaangalie mwenyewe. Lakini bila ubishi ule mimi nisingezaliwa, kwa hiyo nausimulia kwa adabu.

Utotoni mwake nzige walimaliza mashamba ya Uzigua, na baba yake akamweka rehani kwa tajiri mmoja ili nyumba ipate mtama. Miaka mitatu alitwanga na kuteka maji kwa watu, kavaa kaniki, ile nguo nyeusi waliyovishwa watumwa na watu wa rehani. Akakombolewa, akarudi kwao Chanika, hapo Handeni, akaolewa, akafiwa na mume, akalima tumbaku yake. Jina lakini halikukombolewa. Akikosana na mtu kidogo tu: "Nyamaza, mtu wa kaniki!"

Basi reli ya Wajerumani ilipokwisha kufika Korogwe, na mtaa wake wa Manundu ukaanza kujaa maduka, fundi cherehani mmoja wa huko aliyeitwa Muhidini akaja Handeni kushona kanzu za sikukuu. Akamwona mama yangu, Tatu, mtoto pekee wa bibi. Cherehani ikasimama. Posa ikaletwa, mahari ikapokelewa. Ndipo mama yake Muhidini, mwanamke mwenye kipini puani na sauti ya kuamrisha, akatuma neno: "Siku ya harusi nitakagua kitanda cha bibi harusi, kama desturi yetu. Nikikuta mambo ya kaniki, binti atarudi kwao siku hiyohiyo."

Bibi alilia, msidhani hakulia. Kisha akapenga kamasi, akaingia ndani, akatoka na furushi.

Furushi hilo alipewa na Kibwana, mchuuzi wa nguo ambaye bibi alimwuguza homa. Lilikuwa na vipande vya mfano vya leso na shiti, vile ambavyo mchuuzi huwaonyesha wateja wachague. Vipande arobaini na vinane, na kila kimoja kina picha yake: saa za ukutani, majogoo, miavuli, taa za chemni, garimoshi linalofuka moshi, samaki wawili wanaotazamana, simba mwenye uso wa mtu aliyenyimwa ugali. Bibi akaapa atashona mfarishi wa kutandika kitanda, aujaze pamba ya shambani kwake.

Akavipanga uani juu ya jamvi, akageuza kinu akapanda juu yake ili aone vizuri. Kukanyaga kinu ni mwiko, lakini nimeshawaambia alivyokuwa. Lahaula! Vurugu tupu. Jogoo kampanda samaki, garimoshi limeingia mwavulini, saa zinagombana zenyewe kwa zenyewe. Kila picha inapiga kelele na hakuna inayosikika. Akahamisha hiki, akahamisha kile, siku nne nzima.

Jirani yake Lea, Mshambaa aliyejifunza kushona kwa wamisheni, akaja kutazama. "Dada Mwaija, macho yananiuma. Weka kitambaa kisicho na picha kati ya kipande na kipande, macho yapumzike. Sisi tulitia merikani nyeupe."

"Nyeupe? Mwanangu alale kwenye sanda?"

"Basi nyekundu."

Wakajaribu nyekundu. Kelele zikazidi.

Siku ya tano wingu likatanda ghafla. Bibi akavua kaniki aliyojitanda kwa kazi za shamba, akaitupa juu ya vipande visilowe. Mvua yenyewe ikapita pembeni, upepo tu. Aliporudi, akakuta upepo umepeperusha kipande kimoja kikatua juu ya kaniki. Jogoo. Mwekundu, kifua mbele, peke yake kwenye weusi ule. "Nilisubiri awike," bibi aliniambia. Akaweka taa kando yake, akiacha upana wa vidole vitatu. Taa ikang'aa. Akaweka saa, akaweka samaki, na kila picha ikawa na nyumba yake.

Lea alipoitwa, akashika mdomo. "Inapendeza, lakini ni kaniki, Mwaija. Watamrudisha Tatu."

"Najua."

Siku mbili hakugusa sindano. Aliogopa, bibi yangu yule! Siku ya tatu akamwita Tatu, akamwonyesha, akamweleza yote. Tatu akatazama weee, kisha akasema, "Mama, mimi nilibebwa mgongoni kwa kaniki. Leo ndiyo nianze kuiogopa? Shona."

Akashona mwezi mzima. Hakuna picha aliyoikata, hata ukucha wa jogoo. Zenye rangi kali akazitawanya, maana, alisema, wapiga kelele wawili hawapangishwi nyumba jirani. Garimoshi akaliweka katikati.

Siku ya harusi, chumba cha Manundu kilijaa wanawake hadi mlangoni. Mama Muhidini akaingia, akatazama kitanda, akanyoosha kidole. "Hiyo nyeusi ni nini?"

"Kaniki," bibi akajibu, na barazani wakasikia. "Niliivaa miaka mitatu, ndugu zangu wakapata kula. Kagua kitanda, mama Muhidini. Usinikague mimi."

Mama Muhidini akainama kutafuta kosa. Akafuata mshono kwa kidole, akafika kwenye garimoshi, akasahau alichokuwa anatafuta. "Hee! Kumbe lina mtu dirishani!" Shangazi zake Muhidini wakasukumana kumwona mtu huyo. Mmoja akamcheka simba, mwingine akahesabu miavuli. Mama Muhidini akagusa kipande cha saa, akakunja uso.

"Leso hii ya saa ninayo sandukuni. Mbona sijawahi kuona kuwa saa zake zina mishale?"

"Hukuwahi kuiwekea kaniki pembeni."

Mdharau mwiba, mguu humwota tende. Chumba kikapasuka kwa vicheko, kisha vigelegele, na Tatu akakalishwa juu ya mfarishi wake. Hakuna aliyemrudisha mtu popote.

Haukupita muda mrefu, mama Muhidini akatuma salamu Chanika: naye anautaka mfarishi, tena mkubwa zaidi. Bibi akamjibu, "Vitambaa vya picha nitatafuta mimi. Kaniki alete mwenyewe, mkononi mwake."

Watu wakasema, thubutu! Yule? Akaja. Safari ya siku mbili kutoka Manundu, akapita katikati ya soko mchana kweupe, kipini kinang'aa, jora la kaniki kalikumbatia kifuani. Wenye midomo yao wakamwuliza amembebea nani nguo ile.

"Ni kaniki yangu," akasema mama Muhidini. "Mwaija anakaa wapi?"