Kadi Iliyozaliwa na Laini

Karatasi zangu zote zinaanza na neno mkimbizi. Ya mgao wa chakula, ya hospitali, hata barua iliyonipa kazi ya kufundisha darasa la tatu hapa kambini. Kwanza mkimbizi, jina langu linafuata nyuma. Kwa hiyo niliposikia kwamba maktaba moja mjini Lodwar inaandikisha wasomaji kwa mtandao, na kwamba kadi yake ina jina la mtu, namba na neno mwanachama, basi, niliitaka. Vitabu nilivitaka pia, mimi ni mwalimu. Lakini nisiwadanganye: kadi ndiyo niliyoitaka kwanza.

Nilijaza fomu kwenye simu, nimeketi nje ya darasa, pale mtandao unaposhika vizuri. Jina, mwaka wa kuzaliwa, mahali unapoishi. Niliandika Kakuma nikaachia hapo, na hakuna aliyeniuliza Kakuma ya wapi, ya kambini au ya mjini. Mwisho nikatakiwa kulipa ada kwa simu, nikalipa. Ujumbe ukaingia papo hapo: hongera, kadi yako iko tayari, njoo na kitambulisho uichukue. Nilianza kutabasamu, kisha nikasoma jina. Halikuwa langu. Lilikuwa la mama anayeniuzia kuni.

Mtu wa Kakuma hahitaji kuelezwa, ila wa mbali nitamweleza. Nilipofika kutoka Uvira sikuwa na karatasi ya kusajilia laini ya simu. Mama huyu, Mturkana wa upande wa Lopur, alikuwa amekwisha kuniletea kuni mara kadhaa. Siku moja aliniona ninahangaika dukani, akatoa kitambulisho chake. Laini ikasajiliwa kwa jina lake, nikaondoka nayo mimi. Wengi wetu tuna laini za namna hiyo, na miaka ikipita mtu anasahau kabisa kwamba si yake. Lakini pesa ikitoka, inatoka kwa jina la mwenye laini, na mtambo wa maktaba ulilishika jina la mlipaji, nililoandika mimi ukalitupa.

Alipokuja na mzigo wake tulisalimiana, ejok, ejok, nikamweleza kisa chote. Nilitarajia acheke, au anionee huruma kidogo. Aliuliza kama kadi ina jina lake lote, mpaka la baba yake. Nikasema ndiyo. Akaketi juu ya kuni zake, akafikiri, kisha akaniambia kadi ni yake.

"Mwalimu, mimi nilikupea laini kama mbuzi ya kukamua," alisema. "Maziwa ni yako. Mbuzi ikizaa, mtoto ni ya mwenye mbuzi."

Hakuwa anatania. Kwao mtu humpa rafiki mbuzi wa maziwa akae naye hata miaka, anywe yeye na wanawe, na hakuna anayesahau mbuzi ni wa nani. Nilijua desturi hiyo. Sikujua kwamba inafika mpaka kwenye mambo ya simu. Nilikasirika, nikamwambia hata kusoma hajui, kadi ya maktaba ataifanyia nini. Akanijibu kwamba hata mimi kuchunga sijui na nyama ninakula.

Nilipiga simu maktaba. Karani alisema mwenye jina aje mwenyewe ili kadi ifutwe, ndipo mimi niandikishwe upya mezani pake. Nikapanga foleni ya kibali cha kusafiri, maana sisi hatutoki Kakuma bila kibali, nikakipata. Mama wa kuni nilimwomba twende wote ili ifutwe. Alikubali upesi mno. Hilo peke yake lingenitia wasiwasi, lakini nilikuwa na hamu kubwa, sikuliona.

Alikuja stendi amevaa shanga zake za sherehe. Njia nzima alizungumza na abiria wenzake kwa Kiturkana, na kila mara walinigeukia wakacheka. Nilijua wanaambiwa habari za mbuzi.

Karani alikuwa mama wa makamo aliyehamishiwa Lodwar kutoka Murang'a, mtulivu, mwenye feni ndogo iliyoelekezwa usoni pake. Aliitoa kadi na, kabla ya kuifuta, akampa mwenye jina aitazame. Lilikuwa kosa. Mama wa kuni aliipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole juu ya maandishi, akaomba aonyeshwe jina la baba yake liko wapi. Akaonyeshwa. Akaitia kadi ndani ya shuka.

"Hii siachi," alisema.

Machozi yalinitoka pale pale mbele ya watu, ya hasira, si ya kitu kingine. Nikamwambia kwa Kiswahili cha kwetu, "Mama, ile kadi ni miye niliitafuta. Weye uko na kitambulisho, uko na kwenu. Miye niko na nini?"

Karani alinisogezea kiti. Akasema kadi hiyo ikae na mwenyewe, mimi naweza kuandikishwa sasa hivi, ila kwa kuwa sina kitambulisho cha Kenya ninahitaji mdhamini, naye awe mwanachama wa maktaba hii. Nilimwambia Lodwar nzima simjui mwanachama hata mmoja. Karani akamtazama jirani yangu wa shanga.

Mama wa kuni akauliza mdhamini ni mtu gani. Akaelezwa: ni yule atakayeulizwa kitabu kikipotea. Alinikagua toka kichwani hadi miguuni, kama anayetaka kununua.

"Huyu namjua," alimwambia karani. "Kitabu ikipotea, kujeni Lopur, mniulize mimi." Kisha akanigeukia. "Mtoto ya kwanza ni ya mwenye mbuzi. Ya pili anapewa mwenye kukamua. Si ndiyo desturi?"

Sehemu hiyo ya desturi hakuwa ameniambia. Sijui kama alikuwa amepanga tangu Kakuma. Nadhani hapana, nadhani aliipenda tu kadi, na mengine yalimjia pale mezani. Aliweka dole gumba kwenye wino, akalikandamiza kwa nguvu kwenye fomu yangu, na baada ya muda nilikuwa na kadi yangu. Jina langu liko juu. Nililisoma mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mwalimu.

Nilichukua kitabu cha hesabu cha kufundishia. Yeye alichukua kimoja chenye picha ya ngamia, akaniarifu kwamba kila akileta kuni nitamsomea kidogo. Sikubishana. Maziwa, alisema, sasa atayanywa yeye.

Tukirudi, gari lilisimamishwa kwenye kizuizi na askari akaomba vitambulisho. Mama wa kuni alitoa kadi ya maktaba. Askari akacheka, akamwambia hiki si kitambulisho, naye akakitoa cha kweli bila haraka. Mimi nilikuwa nimekwisha kushika kibali mkononi, kimekunjuliwa, kama ninavyofanya siku zote. Nilimwonea wivu. Utani ule ni wa mtu mwenye kitambulisho.

"Onyesha na yako," aliniambia, akanisukuma kwa kiwiko.

Nikaitoa. Askari akaisoma, akalitamka jina langu, akaniuliza kama huko maktaba kuna vitabu vya watoto wadogo, maana anao wawili nyumbani. Nikamwambia vipo, rafu nzima karibu na dirisha. Akashukuru, akanirudishia kadi.

Kibali alikiomba baadaye.