Mhariri wa Tanzia

Mhariri wa jarida la wahitimu wa chuo chetu hakuwahi kuchapa tanzia kabla ya kumpigia simu marehemu mwenyewe. Alikuwa akipandisha miwani kwenye paji la uso, akabonyeza namba kwa kidole gumba chenye wino, akasikiliza ikiita mpaka ikatike. Tuliomtembelea katika kile chumba chake chini ya ngazi za maktaba tulimtania, "Mzee, ipo siku watapokea!" Naye alicheka huku akikohoa: "Wakipokea nitafurahi kuliko ninyi."

Juzi asubuhi nilikuwa naosha vyombo simu yangu ikaita. Nilipopokea, nilisikia pumzi tu.

"Mwanangu, ni wewe?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

Nilisikia kiti kikilia alipokaa. "Uko hai," alisema. "Nimeletewa habari ya msiba. Jina lako, mwaka wako, mpaka bweni lako."

Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka. Mwaka ule, katika bweni lile, wenye jina hilo tulikuwa wawili: mimi na somo yangu, niliyelala naye chumba kimoja miaka mitatu, ambaye jana yake tu alinitumia picha ya nywele zake mpya. Povu lilinidondoka vidoleni na sikuweza kuufunga mfereji.

"Mzee, na yeye umempigia?"

"Bado. Simu yake ipige wewe, mwanangu. Mimi leo nimeshapokelewa mara moja, naona haya kuomba mara ya pili."