Fundi Aliyeanza kwa Kujibu Hapana

Fundi wa kompyuta wa pale Ipogolo amefariki. Habari niliipata kwa simu kutoka Mbeya, alikokwenda kutibiwa na ambako ndugu zake wamemzika kwenye mteremko wa shamba la familia. Wasomaji wengi wa safu hii hawakumjua, isipokuwa wale wa Iringa waliowahi kumpelekea mashine iliyogoma kuwaka na wakapata karipio kabla ya huduma. Jina lake sitaliandika, maana hakupenda kuandikwa. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, mwepesi wa maneno, lakini mkono wake ulikuwa hauna haraka kabisa. Nitasimulia siku moja tu, niliyokaa kwenye benchi lake nikisubiri chaja yangu.

Mwalimu wa kwaya ya usharika mmoja aliingia amekumbatia kompyuta iliyofungwa kwenye kitenge, nyuma yake mama mmoja wa sauti ya pili. Kwaya ilikuwa imelima viazi ili ipate vifaa vya kurekodi, na nyimbo zake zote zilikuwa ndani ya mashine ile, bila nakala popote. Uzinduzi wa nyimbo hizo ulikuwa umeshatangazwa kanisani. Umeme ulikatika wakati kazi inahifadhiwa. Uliporudi, kioo kilibaki cheusi, na maandishi meupe yakawa yanauliza swali baada ya swali: sehemu hii ya diski ina kasoro, nirekebishe?

“Ukafanyaje, Mwalimu?”

“Nikajibu ndiyo.”

“Kwa yote?”

“Dada, yale maandishi yalikuwa yanauliza vizuri. Ningekataaje?”

Mama akadakia, “Huyu ndivyo alivyo. Hata mgeni asiyejua sauti akiomba kuimba nasi, yeye anaitikia tu.”

Sikumcheka. Huku kwetu Nyanda za Juu, mtu akikuomba kwa adabu unaona vibaya kumkatalia, na wengi wetu tungebonyeza hivyo hivyo. Mwalimu alipoona maswali hayaishi ndipo alipozima mashine na kuja. Sasa alitaka fundi amalizie pale alipoishia yeye.

“Sibonyezi,” fundi akasema. Aliichomoa diski, akaiunganisha na mashine yake mwenyewe kwa namna ambayo hakuna kitu kingeweza kuandikwa juu yake, kisha akaandika amri ya mstari mmoja: kagua, na kila swali lijibiwe hapana. “Nataka iniambie inaumwa nini. Sijaiomba ijitibu.” Kasoro zikapita kiooni moja moja. Alipozisoma alinakili diski nzima, pamoja na pale palipoharibika, akaiweka ya kwaya kando na kuanza kurekebisha ile nakala. “Nikikosea hapa, nimekosea kwenye nakala. Wewe ulikuwa unakosea kwenye kwaya yenyewe.”

Mafaili yalirudi, ila bila majina. Programu ilikuwa imeyakusanya kwenye folda ya vilivyookotwa na kuyapa namba, kwa hiyo ilibidi waliojua nyimbo wasikilize moja moja.

“Huu wa mavuno,” akasema Mwalimu.

“Wa Pasaka huo,” mama akabisha. “Sikia besi wanavyochelewa.”

“Besi wako wanachelewa nyimbo zote, mama,” fundi akasema, na kwa mara ya kwanza Mwalimu akacheka.

Kicheko hakikudumu. Wimbo wa shukrani, ule ulioongozwa na binti ambaye baadaye aliolewa Mbeya, haukuonekana. Fundi alirudi kwenye diski ya kwanza, akatafuta tena hadi chaja yangu nikaisahau. Mwisho akageuza kiti. “Mwalimu, huu haupo. Nikikwambia uje kesho nitakuwa nakudanganya.”

“Nitawaambia nini watu? Na yule binti ana mtoto mchanga, hawezi kusafiri.”

“Waambie haupo. Kwani barabara ya Mbeya imefungwa?”

Katika kazi hii ya habari nimekaa kwenye vikao vingi vya kurekebisha mambo: vyama vya ushirika, kamati za shule, ofisi za umma. Mara nyingi tunafanya kama Mwalimu. Kitu kikiharibika tunaidhinisha kila pendekezo linaloletwa kwa lugha nzuri, tena kazi ikiwa inaendelea juu ya kilekile kilichoharibika, na kila ndiyo inafuta kitu ambacho hatujakiangalia. Anayesema tusimame kwanza tutazame tunamwona mkaidi. Fundi yule aliitwa mkaidi na watu wengi, wakiwemo wale aliowaokolea kazi zao.

Mwalimu alisimama kanisani akasema ukweli, akanung'unikiwa, uzinduzi ukasogezwa mbele. Kwaya ikakodi gari ikaenda Mbeya, ikarekodi wimbo wa shukrani sebuleni kwa yule binti. Mtoto anasikika akilia katikati ya ubeti wa pili, na wameuacha hivyo hivyo.

Nimeona watu wengi wakikwama kwenye hasara ndogo kwa sababu hakuna aliyekubali kuitaja. Wanaendelea kubonyeza, wakitumaini. Basi tukikuta kitu kimeharibika, tukitazame chote kabla hatujakigusa, na kilichokwenda tukiri kuwa kimekwenda. Mtu akishajua ni wimbo upi hana, amebakiwa na kazi moja ya kufanya, na hiyo anaweza kuianza leo.