Kofia Niliyoifumua

Kosa langu la mwanzo katika kazi ya sindano lilikuwa kufumua kazi ya babu bila kumwomba ruhusa. Hakuna aliyenifundisha kushona kofia. Nilijifunza kwa kuitazama mikono yake, barazani kwetu Kasongo, na nilipojua kidogo nikajiona fundi. Tundu moja la nakshi ya kofia likipinda, hata chakula hakikunipita.

Mwaka ule karani wa pamba alikuwa amemfuta babu kwenye orodha ya watu waliolazimishwa na serikali ya kikoloni kulima pamba, kwa ajili ya uzee. Kofia ndiyo kazi iliyombakia, na aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa ya mdogo wake wa Kabambare, ya kuvaa siku ya Idi. Vidole vilikuwa vimelegea. Sindano ikikwama aliivuta kwa meno, na hakuweza tena kuukaza uzi. Siku moja nikaona matone ya damu kwenye kitambaa cheupe.

"Babu, unachafua kazi!"

Akageuza mkono, akatazama. Sindano ilikuwa imezama kwenye ncha ya kidole, na bado imesimama.

"Kumbe iko huku! Mimi naitafuta kwenye mukeka."

Bibi alikuwa karibu, anapepeta mchele. "Muone mume wangu mukubwa, anajishona mwenyewe," akaniambia. "Wewe mume mudogo, funga uzi asitoroke."

Wakacheka. Mimi nilikihurumia kitambaa, sikukihurumia kidole. Babu alipokwenda kuswali adhuhuri nikaifua damu, nikafumua safu tatu, nikazishona upya. Nilijiambia hatajua: mtu asiyehisi sindano atahisi nini?

Aliporudi akaichukua kofia, akaipitisha polepole kwenye mdomo wake wa chini. Sikuwa nimegundua kwamba siku hizo alipima kazi yake hivyo. Akaipitisha tena.

"Hii si mukono yangu."

"Nimenyoosha tu, babu. Ilikuwa imepinda."

"Najua ilipinda. Nilitaka ndugu yangu aone bado niko nashona. Sasa ataona nini?"

Hakunigombeza. Alinipa sindano na uzi uliobaki. "Malizia, fundi."

Nikamalizia. Kofia ikaenda Kabambare na jirani mwenye baiskeli, aliyekuwa na karatasi ya ruhusa ya safari. Baada ya Idi akaleta salamu: mdogo wake babu amefurahi mno, anasema mikono ya kaka yake bado ni ya kijana. Babu alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru jirani, akaingia ndani. Ningeweza kusema pale pale kwamba kazi ile ni yangu. Sikusema, na babu hakushona tena mpaka alipofariki.

Sasa bibi naye vidole vimekufa ganzi. Anashona viraka vya nguo zake, na vinapinda. Mimi namtungia uzi, kisha akimaliza nakagua vidole vyake kama kuna jeraha. Kiraka chenyewe sikigusi.