Mkonge wa Shimo Refu

Soko huria liliwaleta wanunuzi wa vito Madaba, likawaondoa, likaacha mashimo. Kijiji kikayafukia na kugawa ardhi ile ipandwe mkonge, kwa sharti moja: atakayekutwa anachimba tena ananyang'anywa kiwanja. Aurelia, wa kwanza kwenye orodha ya wanaongojea kiwanja, hakumwondolea macho mchimbaji mstaafu aliyepewa kiwanja cha pembeni. Mzee yule aliongea kwa sauti ya chini, utadhani mawe yana masikio. Udongo aliupekecha kwa vidole, akaulamba, akautema. Hata uzi wa katani, akishaukwangua kutoka kwenye jani, aliuinua juani na kufumba jicho moja. Mashimo ya wenzake yalikuwa ya kina cha kiganja. Lake moja lilikuwa limeshampita kichwa.

Aurelia akamleta bwana shamba ashuhudie.

“Shikamoo mzee. Mkonge unachomekwa tu. Hili shimo lote la nini?”

“Marahaba. Wangu una mizizi mirefu,” ikajibu kofia kutoka chini. Na kweli, miguuni pake ulisimama mche mmoja, umenyauka kama shahidi wa kununuliwa.

Bwana shamba akavua viatu, akateremka aung'oe uwe ushahidi. Akakawia. Aurelia, jembe begani, tayari kukabidhiwa, akasikia sauti mbili zikinong'ona, kisha ya bwana shamba ikapanda taratibu: “Mama, hebu tuletee chekeche.”

Aurelia akatazama kulia, akatazama kushoto, akatua jembe, akaenda nyumbani. Akaleta mawili.